Usikubali Kuchomelewa Kiungo cha Tela: Ushauri kwa Mwenye SUV na Shamba

 

Leo sitazungumzia mbegu, mbolea wala viwavi jeshi. Nazungumzia kile chuma kinachofungwa nyuma ya gari ili kuvuta tela. Najua wapo watakaouliza, afisa ugani na mambo ya gereji wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Sisi maafisa ugani tunakufundisha kupanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 30, tunakufundisha kupalilia kwa wakati na kukausha vizuri kabla ya kuhifadhi. Mazao yakishapakiwa tunanyamaza, kana kwamba kazi imekwisha. Kazi haijaisha. Gunia lililomwagika barabarani ni hasara sawa na gunia lililoliwa na dumuzi. Na tela likichomoka kwenye gari halimwagi mahindi tu, linaweza kuua mtu.

Miaka ya karibuni wakulima wa wikendi wameongezeka sana, wale tunaowaita kwa utani wakulima wa simu. Mtu anafanya kazi mjini, ana RAV4, X-Trail, Harrier au Prado, na ana ekari zake tano kijijini. Jumamosi anakwenda shamba. Baada ya muda anachoka kukodi usafiri, anaona heri awe na tela lake. Wazo ni zuri. Tatizo linaanza anapopeleka gari kwa fundi wa kuchomelea aliye jirani, fundi anachukua kipande cha bomba la mraba na flatibaa, anachomelea nyuma kwenye bampa au kwenye bodi, na kabla ya adhuhuri kazi imeisha kwa bei ya kirafiki.

Msimamo wangu ni huu: usikubali. Kiungo cha tela kinafungwa kwa bolti kwenye sehemu za gari zilizokusudiwa kubeba uzito, au hakifungwi kabisa. Nitaeleza sababu, kisha nitaeleza namna ya kuchagua na kufunga. Mwisho nitasema jambo ambalo huenda hutalipenda: kwamba baadhi yenu hamhitaji kiungo cha tela hata kidogo.

Kwa nini kuchomelea ni hatari

Kwanza, elewa gari lako limejengwaje. Prado, Land Cruiser na Hilux Surf zina chesisi, yaani fremu ya chuma kizito inayopita chini ya gari, na bodi imekaa juu yake. RAV4, X-Trail na Harrier hazina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na imetengenezwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa. Bampa unaloliona kwa nje kwenye magari haya ni plastiki. Ndani yake kuna mhimili wa kupokea mgongano, si wa kuvuta mzigo.

Pili, moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho pembeni ya mshono. Bati jembamba linatoboka au linabaki dhaifu, rangi ya kuzuia kutu inaungua kwa ndani pasipofikika na brashi, na kutu inaanza pale pale. Mshono wa namna hiyo unaweza kuvuta vizuri msimu wa kwanza na hata wa pili. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chuma kinachotikiswa kila siku kinaanza ufa mdogo usioonekana, ufa unakua polepole, halafu siku moja kwenye shimo au tuta, tela likiwa limejaa, kinaachia chote kwa mara moja. Hakikupi taarifa.

Tatu, magari ya sasa yana kompyuta nyingi. Fundi akichomelea bila kuchomoa betri, umeme wa mashine unaweza kuunguza kifaa cha thamani kubwa kuliko kiungo chenyewe. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Najua utaniambia: "Bwana shamba, mbona wengi wanavuta hivyo na hawajapata shida?" Ni kweli wapo. Lakini msimu uliopita, kwenye njia ninayopita kutembelea wakulima, nilikuta tela lenye magunia saba limelala mtaroni, karibu kabisa na njia ya watoto wa shule. Gari lilikuwa mbele kama mita mia hivi. Kile chuma kilichochomelewa kilikuwa bado kimeng'ang'ania shingo ya tela, pamoja na kipande cha bodi ya gari. Ilikuwa Jumamosi, watoto hawakuwepo. Ingekuwa siku ya shule, tungekuwa tunaongea mengine.

Anza na mzigo, usianze na chuma

Wengi wanauliza, "Nifunge kiungo gani?" Swali la kwanza liwe, "Nitavuta nini, na kina uzito gani?" Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme tela lako tupu lina kilo 350. Gunia la mahindi ni kilo 100, kama hukujaza lumbesa. Ukipakia magunia 8, una kilo 800 za mzigo, jumla kilo 1,150. Sasa tazama breki. Matela mengi madogo yanayotengenezwa mitaani kwetu hayana breki zake, yanasimamishwa na breki za gari peke yake. Nchi za Ulaya, na Australia pia, zimeweka kilo 750 kuwa kikomo cha tela lisilo na breki, mzigo na tela kwa pamoja. Magari mengine yamepewa na watengenezaji kikomo cha chini ya hapo. Kwa kipimo hicho, tela lako la kilo 350 linaruhusiwa kilo 400 tu za mzigo. Ni magunia manne. Si manane, wala kumi.

Mifano mingine:

- Tanki la maji la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, kabla hujahesabu tela. Likiwa nusu, maji yanacheza na kulisukuma gari kila unapofunga breki.
- Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 kwenye tela hilo hilo amefikisha kilo 750. Tena ni mzigo unaosimama, unaohama na unaoshtuka.
- Mifuko 8 ya chakula cha kuku ya kilo 50 ni kilo 400. Hapo uko salama, ila huna nafasi ya kuongeza.

Ukisha jua uzito, tafuta namba nne: uzito ambao gari lako limeruhusiwa kuvuta, uzito ambao kiungo kimeruhusiwa, uzito ambao kile kichwa cha chuma cha duara kimeruhusiwa, na uzito ambao tela lenyewe limeruhusiwa kubeba. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Ukifunga kiungo cha tani 3 kwenye gari linaloruhusiwa kuvuta kilo 1,500, gari lako halijawa la tani 3. Umefunga chuma kizito tu.

Namba ya gari inapatikana kwenye kitabu cha gari. Magari yetu mengi yametoka Japani yametumika, na kitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Tafuta kitabu cha modeli hiyo hiyo, mwaka huo huo na injini hiyo hiyo kilichotolewa kwa masoko mengine, au muulize wakala wa kampuni ya gari lako. Usichukue namba ya Prado ya jirani ukadhani ni yako. Injini, gia na mwaka vinabadilisha namba hiyo.

Jinsi ya kuchagua kiungo

1. Nunua kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli ya gari lako. Kiungo cha namna hiyo kinakuja na matundu yanayolingana na matundu ya kiwandani yaliyo chini ya gari, bolti zake na maelekezo ya kufunga.

2. Angalia kibao au stika yake. Kiungo cha kuaminika kina maandishi yanayoonyesha uzito wa kuvuta na uzito unaoruhusiwa kukandamiza kutoka juu. Kama hakina maandishi yoyote, muuzaji akisema "hiki kinavuta chochote", mshukuru uende duka lingine.

3. Linganisha kichwa na kikombe cha tela. Hapa watu wengi wanakosea bila kujua. Vichwa vingi duniani ni vya milimita 50, lakini vya Kimarekani ni vya inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho vinafanana. Kikombe cha inchi 2 juu ya kichwa cha milimita 50 kinacheza, na kinachocheza kwenye barabara ya vumbi mwishowe kinaruka. Vipo pia vidogo vya inchi 1 na 7/8. Kipimo kimegongwa juu ya kichwa na juu ya kikombe. Soma vyote viwili.

4. Angalia urefu kutoka chini. Tela likifungwa linatakiwa kukaa sawa na ardhi. Likiinamia nyuma, linanyanyua matako ya gari na kuanza kuyumba. Likiinamia mbele, linaelemea springi za gari.

5. Usivute tela la pawatila kwa SUV. Limetengenezwa kwa mwendo wa taratibu, mengi hayana springi, na linaunganishwa kwa pini, si kwa kichwa. Kulivuta kwa kilomita 60 kwa saa ni kutafuta msiba.

Wakati wa kufunga

Huhitaji kuwa fundi, ila simama pale uone. Hakikisha haya:

- Fundi aangalie kutu kwanza. Kama chesisi au bodi imeliwa na kutu mahali pa kufungia, kazi isimame hapo.
- Atumie matundu ya kiwandani. Kama maelekezo yanataka tundu jipya, litobolewe kwa drili, si kwa moto, na kingo zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.
- Bolti ziwe zile zilizokuja na kiungo. Ikibidi kununua nyingine, soma kichwani mwa bolti. Namba 8.8 na 10.9 ni za chuma kigumu, na namba ya mpya isiwe chini ya ile ya zamani. Bolti isiyo na namba ni ya kufungia geti, si tela.
- Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo. "Nimekaza mpaka mkono umeuma" si kipimo. Baada ya safari ya kwanza, rudi zikaguliwe tena.
- Hakikisha tairi la akiba bado linashuka na ekzosi haigusani na kiungo. Utagundua umuhimu wa hilo siku ya pancha usiku.
- Kiungo kiwe na sehemu mbili za kufungia minyororo ya usalama.

Minyororo hiyo si pambo. Ipitishe kwa kukatizana chini ya shingo ya tela, ili kikombe kikichomoka shingo iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Iwe na urefu wa kutosha kukata kona, lakini isiburute chini.

Halafu kuna taa. Tela lisilo na taa za breki na indiketa ni kaburi la mwendesha bodaboda anayekuja nyuma yako saa moja usiku. Fundi umeme asiunganishe nyaya za tela moja kwa moja kwenye taa za gari, aweke rilei na fyuzi. Na kama taa za tela zilinunuliwa kwenye duka la spea za malori, angalia volti. Malori mengi yanatumia volti 24, gari lako linatumia 12. Balbu ya volti 24 itawaka kwa unyonge, na mchana hakuna atakayeiona.

Kupakia na kuendesha

Mzigo mzito uanzie mbele ya ekseli ya tela. Kiasi cha asilimia 60 ya mzigo kiwe mbele, 40 nyuma. Shingo ya tela inatakiwa kukandamiza kiungo kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote, bila kuzidi kile kilichoandikwa kwenye kiungo na kwenye kitabu cha gari. Kwa tela la kilo 750 ni kilo 75. Kupima ni rahisi: tela likiwa limepakiwa na limesimama sawa, weka shingo juu ya kigogo kilichokaa kwenye mzani wa kupimia mazao. Ukisoma kilo 20, umepakia nyuma mno na tela litatingisha mkia. Ukisoma 150, sogeza magunia nyuma kidogo. Kumbuka pia kwamba kilo hizo 75 zinahesabika kama mzigo ndani ya gari, pamoja na abiria na kile ulichoweka kwenye buti.

Tela likianza kuyumba, usipige breki kwa nguvu na usizungushe usukani kushindana nalo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke. Kisha simama upange mzigo upya.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka mara nne. Hilo ni la kukumbuka hasa kwenye miteremko kama Kitonga au Sekenke. Weka gia ndogo tangu juu, usisubiri breki zianze kunuka. Wenye magari ya gia za CVT muwe waangalifu zaidi kwenye kupanda, gia hizo hupata joto haraka zikivuta mzigo.

Na jambo moja ambalo naliona kila masika. Gari limenasa kwenye tope la udongo mweusi, watu wanafunga kamba kwenye kile kichwa cha duara na kuvuta kwa kushtua. Msifanye hivyo. Kichwa hicho hakikutengenezwa kwa mshtuko wa namna hiyo. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kwingineko duniani kimeshaua watu waliokuwa wamekaa ndani ya gari. Vilevile ile pete ndogo ya kiwandani ya kuvutia gari likiharibika si ya kuvutia tela. Kila kitu kina kazi yake.

Abiria juu ya tela, hapana. Hata kama ni vibarua na shamba liko karibu.

Je, unahitaji kiungo kweli?

Sasa lile nililosema huenda hutalipenda. Kama hitaji lako kubwa ni kusafirisha mahindi mara moja kwa mwaka baada ya kuvuna, usifunge kiungo. Ukiwa na magunia 30 na tela la magunia manne, utakwenda safari nane. Kenta ya tani 3 inabeba yote kwa safari moja. Jipange na majirani wawili watatu, au kupitia AMCOS yenu, mgawane gharama za kukodi. Gari lako litapumzika, nawe pia.

Kiungo kina faida kwa mwenye mizigo midogo ya mara kwa mara: majani ya ng'ombe kila wiki, chakula cha kuku, madumu ya maziwa, miche, samadi. Huyo ndiye ninayemshauri anunue kiungo cha kweli, afunge kwa bolti, na atengenezewe tela dogo lenye taa, springi na minyororo. Akitaka kuvuta zaidi ya kilo 750, atafute tela lenye breki zake na ahakikishe gari lake linaruhusiwa. Kabla ya kuingia barabarani aulize TRA kuhusu usajili wa tela, na aiulize kampuni ya bima kama bima yake inahusu gari likiwa linavuta. Apate jibu kwa maandishi.

Na wewe ambaye tayari una chuma kilichochomelewa nyuma ya gari lako: kabla ya kuvuta tena, ingia chini ya gari na tochi. Angalia mshono wote, angalia rangi iliyopasuka, angalia kutu inayotoka kwenye mstari mwembamba. Mstari huo ni ufa. Ukiuona, tela libaki nyumbani. Hata usipouona, anza kujiwekea akiba ya kukibadilisha. Bei ya gunia moja moja kila mavuno si nyingi ukilinganisha na kusimama mbele ya mzazi wa mtu na kumweleza kwamba ulikuwa unaokoa pesa ya bolti.

Nawatakia mavuno mema, na yafike salama.